Ufunguo wa mlango wetu tusiwaachie wengine

Mzee yule alitoka Ifakara. Alifika getini kwetu saa 12 na nusu asubuhi, usiku kucha amelala kwenye benchi stendi ya Ubungo, na mkononi alishika karatasi ya daftari yenye namba ya mtihani ya binti yake. Mlinzi alimleta moja kwa moja ofisini kwangu kwa sababu taa ya chumba cha seva ilikuwa inawaka. Mimi na kijana wa mafunzo kwa vitendo tulikuwa hatujarudi nyumbani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Mtandao wenu tangu juzi unazunguka tu. Binti amekwenda kwa mwenye stesheneri mara nne, na kila akienda analipa. Nikasema nije mwenyewe."

Nilimtafutia jina kwenye hifadhidata. Binti alikuwa amechaguliwa, stashahada ya maabara. Mzee aliniomba nisome tena, nikasoma tena. Kisha akauliza basi la kurudi linaondoka saa ngapi.

Hiyo ilikuwa mwaka 2017, katika chuo ambacho sitakitaja kwa sababu kilichotupata kinaweza kuipata taasisi yoyote. Mimi ni fundi wa mifumo ya kompyuta. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba mtu akiandika anwani ya tovuti, kitu kinajibu. Kwa siku moja na nusu hakuna kilichojibu, na mzee alilipa nauli ya kwenda na kurudi kwa jibu ambalo lilipaswa kumfikia Ifakara kwa sekunde moja.

Chanzo chake kilikuwa sanduku moja jeusi. Lilinunuliwa miaka mitatu kabla, kwa dola, kwa fedha iliyozidi mishahara ya mafundi wetu watatu ya mwaka mzima. Kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni. Kila aliyefungua tovuti ya chuo alilifikia sanduku kwanza, nalo likampeleka kwenye mojawapo ya seva tatu zilizokuwa nyuma yake. Leseni yake ilikuwa ya miaka mitatu. Siku ilipokwisha sanduku halikuzimika, bali lilijibana lenyewe, likawa linapitisha tone kwa tone kama bomba lililofungwa. Tukamwandikia wakala, wakala akamwandikia mwenye mali ng'ambo, ankara ikaja kwa dola, ikapelekwa kwa mhasibu, na mhasibu akasema kasma ya vifaa imekauka. Alasiri ya siku hiyohiyo ofisi ya udahili ikatangaza majina ya waliochaguliwa.

Usiku nilizikagua seva zetu tatu. Zilikuwa nzima. Vichakataji vyake havikufika hata asilimia 10 ya kazi. Majibu ya maelfu ya vijana yalikuwa ndani ya chumba kile, mashine za kuyatoa zilikuwa zimewashwa na zinasubiri, na watu walikuwa wamejazana nje ya mlango ambao sisi wenye nyumba hatukuwa na amri juu yake. Hasira niliyoipata usiku ule ninayo hadi leo.

Kitu hicho cha mlangoni mafundi tunakiita lodi balansa, na wengine husema proksi. Msomaji ambaye hajawahi kuingia chumba cha seva afikirie stendi yenye daladala tatu za Mbagala na mtu mmoja anayewaelekeza abiria. Abiria wa kwanza anampeleka gari la kwanza, wa pili gari la pili, wa tatu gari la tatu, wa nne anarudi la kwanza. Hiyo ni zamu, na ndiyo njia rahisi kuliko zote. Njia nyingine ni kuchungulia madirishani kuona gari lipi lina watu wachache, kisha kumpeleka abiria huko. Njia hii inafaa pale ambapo wengine wanashuka kituo cha kwanza na wengine wanakwenda hadi mwisho wa safari. Abiria mwenyewe hahitaji kujua namba ya gari. Anajua jina la stendi tu.

Mwelekezaji huyu ana kazi ya pili, nayo ni kujua gari lipi limeharibika. HAProxy, programu nitakayoieleza hapa chini, ukiiagiza ikague seva bila kuongeza maelekezo mengine, huigongea kila seva mlango kila baada ya sekunde 2. Seva isipojibu mara 3 mfululizo inatolewa kwenye zamu, na hakuna mgeni anayepelekwa huko. Ikijibu mara 2 inarudishwa. Fundi anaweza kuwa amelala, na anayetafuta jina lake asijue kwamba kuna mashine imeanguka.

Na kazi ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Aliyewahi kuvuka kwenda Kigamboni kwa pantoni pale Magogoni anaijua. Pantoni ikijaa, geti linafungwa. Watu wananung'unika, jua linawachoma, lakini wanabaki nchi kavu, na pantoni inafika ng'ambo na kurudi kuwachukua. Geti lisipokuwepo, wote wanaingia kwa pamoja na wote wanazama. Seva inazama hivyohivyo. Watu elfu tano wakiiangukia kwa mpigo mmoja haimhudumii hata mmoja wao, kwa sababu kumbukumbu yake imejaa na hifadhidata imeshikwa na maombi ambayo wenyewe wameshakata tamaa na kubonyeza upya. Proksi nzuri unaiambia seva hii isipelekewe zaidi ya maombi kadhaa kwa wakati mmoja, na yanayozidi yasimame foleni mlangoni. Foleni ya sekunde nne hakuna anayeiona. Seva iliyozama kila mtu anaiona.

Sasa turudi kwenye usiku ule. Saa 4 usiku, baada ya simu ya mwisho kwa wakala kutopokelewa, kijana wa mafunzo aliniuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza miaka mitatu nyuma. "Dada, kwani hili sanduku linafanya kitu gani ambacho programu haiwezi?" Tulichukua kompyuta ya zamani kutoka maabara ya wanafunzi, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 na vumbi la kutosha. Tukaweka mfumo endeshi wa Ubuntu, tukapakua HAProxy, na tukaanza kusoma mwongozo wake, mrefu kweli, ukurasa kwa ukurasa.

Kufika saa 7 usiku kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kimoja, na hicho ndicho kilichonifanya niandike leo. Tovuti yoyote inayoonyesha alama ya kufuli kwenye kivinjari ina cheti, na cheti kina ufunguo wa siri. Wa kwetu ulitengenezewa ndani ya sanduku, kwa mpangilio ambao haukuruhusu utolewe. Tulipekua kila ukurasa wa sanduku lile. Cheti tulikiona, ila ufunguo haukutoka. Ufunguo wa mlango wa chuo cha umma, kilichojengwa kwa kodi za watu kama yule mzee wa Ifakara, ulikuwa umefungiwa ndani ya mali ambayo mwenye leseni yake alikuwa anadai dola.

Tulipata cheti kipya kutoka Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure tangu mwishoni mwa 2015. Tukaunganisha cheti na ufunguo wake kwenye faili moja, kama HAProxy inavyotaka. Saa 11 alfajiri tukachomoa waya kwenye sanduku na kuuchomeka kwenye kompyuta ya maabara. Mzee alifika saa moja na nusu baadaye. Majina yalikuwa yameanza kufunguka, lakini yeye alikuwa safarini tangu jana yake, na hakuna aliyeweza kumwambia ageuze njia.

Je, tulimaliza? Hapana. Siku ya tatu simu zilianza tena, safari hii chache: kuna waliopata ukurasa kwa haraka na kuna waliosubiri dakika nzima. Kijana alikaa akitazama ukurasa wa takwimu wa HAProxy, kisha akaniita. "Dada, ile ya pili haijafa. Inajibu, ila inachelewa." Diski ya seva ya pili ilikuwa inaelekea kufa. Kila sekunde 2 ilikuwa inaitikia "nipo", kwa hiyo ikaachwa kwenye zamu, na theluthi ya wageni wakawa wanapelekwa kwa mgonjwa. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeagiza ukaguzi ugonge mlango tu. Tulibadilisha, ukaguzi ukawa unaomba ukurasa mdogo unaolazimika kusoma jina moja kutoka kwenye hifadhidata, tena ndani ya muda maalumu. Seva ya pili ilitoka kwenye zamu papo hapo. Tangu siku hiyo kila kijana ninayemfundisha namwambia asiulize seva kama ipo, aipe kazi aone kama inaiweza.

Miezi michache baadaye pawasapulai ya kompyuta ile ya maabara iliungua, na tovuti ikalala kwa saa mbili. Nalisema hili kwa sababu sitaki msomaji adhani programu ya bure inafuta gharama. Mlango mmoja ni mlango mmoja, uwe wa dola au wa bure. Tulinunua kompyuta mbili za kawaida, tukaweka HAProxy kwenye zote mbili, na programu nyingine huria iitwayo keepalived ikazifanya zishirikiane anwani moja. Moja ikizima, ya pili inaichukua anwani ndani ya sekunde chache. Gharama ya kompyuta zote mbili haikufika robo ya ankara ile ya kuhuisha leseni.

Pwani tunasema usione vyaelea, vimeundwa. Hiki kinachoelea kiliundwa na watu, na ni haki tuwajue. HAProxy ilianzishwa na Mfaransa Willy Tarreau. Toleo lake la kwanza la hadhara ni la mwaka 2001, na hadi leo bado anaisimamia. Toleo la 1.5, lililoingiza uwezo wa kushughulikia mawasiliano yenye kufuli moja kwa moja, lilichukua miaka zaidi ya minne na likatoka Juni 2014. Miaka minne ya kusahihisha kitu ambacho mtu yeyote angeweza kukichukua bila kulipa! Mtandao wa Stack Overflow, ambako waandishi wa programu duniani kote huulizana maswali, ulieleza mwaka 2016 kwamba ulitumia mashine 4 za HAProxy mlangoni, na siku moja ya Februari mwaka huo milango hiyo ilipitisha maombi zaidi ya milioni 200. Chuo chetu siku ya majina hakifiki hata chembe ya hayo.

Programu nyingine huria inayoweza kukaa mlangoni ni nginx, ambayo husomwa "enjini eksi", nayo ina hadithi yake. Mwaka 1999 mhandisi wa Marekani, Dan Kegel, aliandika kuhusu tatizo lililowasumbua wengi wakati huo: jinsi ya kuiwezesha seva moja kuhudumia wateja 10,000 kwa wakati mmoja. Seva nyingi za enzi hizo zilimpa kila mteja mhudumu wake. Wateja wakizidi, wahudumu wanajaza chumba na hakuna anayeweza kusogea. Igor Sysoev, msimamizi wa mifumo katika kampuni ya Rambler mjini Moscow, alianza mwaka 2002 kuandika programu yenye wahudumu wachache sana, kila mmoja akishika maelfu ya wateja na kumgeukia yule tu ambaye ana jambo tayari. Ni kama mama ntilie mwenye meza ishirini. Hasimami mezani kwako akikungoja umalize kutafuna, anakuja ukiinua mkono. Programu hiyo ilitolewa hadharani Oktoba 2004, na leo ni miongoni mwa seva za wavuti zinazotumika zaidi duniani.

Miaka ya mwanzo maelezo ya nginx yalikuwa kwa Kirusi tu. Sysoev aliandika kwa lugha ya watu aliofanya nao kazi. Walioihitaji kwingineko waliitafuta kwa tabu, na watu wa kujitolea wakaanza kuyatafsiri kwa Kiingereza. Programu ilikuwa nzuri, kwa hiyo dunia iliifuata lugha yake. Hili nimelifikiria mara nyingi, kila ninapomwona kijana mwenye akili kali akikwama kwenye ukurasa wa mwongozo. Kazi anaiweza. Kinachomkwamisha ni sentensi ya Kiingereza yenye vishazi vitano.

Wapo wanaonipinga, na baadhi yao nawaheshimu. Afisa ugavi mmoja aliniambia: "Mama, kitu cha bure kikiharibika nitampigia nani simu?" Ni swali la haki, na linastahili jibu la kweli. Sanduku lenye namba ya simu nalo hutoboka. Desemba 17, 2019, kampuni ya Citrix ilitangaza tundu kubwa la usalama kwenye vifaa vyake vya mlangoni, ikatoa maelekezo ya kujikinga kwa muda. Marekebisho yenyewe yalianza kutoka Januari 19, zaidi ya mwezi mmoja baadaye, wakati wavamizi wameshaanza kuingia. Julai 2020 vifaa vya BIG-IP vya kampuni ya F5 vilikutwa na tundu lililopewa alama 10 kati ya 10 kwa ubaya. Wateja walikuwa na namba za simu. Kilichowaokoa waliookoka ni kuwa na mtu ndani ya jengo aliyejua afunge nini usiku huohuo.

Nasema pia upande wa pili. Aprili 2014 liligunduliwa tundu lililoitwa Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu huria inayotumiwa na milango mingi, ikiwemo hii ninayoisifu. Lilikuwa limekaa humo tangu toleo la Machi 2012, miaka miwili, kila mtu akiamini kwamba kwa kuwa msimbo uko wazi lazima kuna mtu anausoma. Waliokuwa wakiutunza walikuwa wachache mno, na fedha walizopata ni kidogo mno kulinganisha na uzito waliobeba. Baada ya aibu ile ndipo kampuni kubwa za teknolojia zikachangishana fedha kupitia shirika la Linux Foundation. Msimbo kuwa wazi kunatupa haki ya kuusoma. Macho ya kuusoma lazima yalipwe.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, na naomba wakuu wa taasisi wanisikilize. Mlango huu si kifaa kama printa. Ili mwelekezaji ajue ampeleke wapi mgeni, mara nyingi hulazimika kufungua kufuli na kusoma ombi lenyewe. Maana yake kila nywila, kila namba ya simu, kila cheti cha kuzaliwa kilichopakiwa, kila jibu la maabara linapita mbele ya macho yake likiwa wazi. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kenya wana ya kwao ya mwaka 2019. Sheria hizi zinamwajibisha anayekusanya taarifa azilinde. Nitawezaje kuapa kwamba nimezilinda, ilhali anayezisoma zote mlangoni ni sanduku nisiloruhusiwa kulifungua, na ufunguo wake sinao?

Nimesikia pia hoja kwamba programu huria haina mwenyewe, kwa hiyo kesho inaweza kupotea. Historia ya nginx inasema kinyume. Machi 2019 F5 ilitangaza kuinunua kampuni ya nginx kwa dola milioni 670. Desemba mwaka huohuo polisi wa Urusi waliingia ofisi zake za Moscow, kwa madai ya Rambler kwamba msimbo ulikuwa mali yao kwa kuwa Sysoev aliuandika akiwa mwajiriwa wao. Januari 2022 Sysoev aliondoka. Mwaka huo vita vya Ukraine vikaanza, F5 ikafunga shughuli zake Urusi, na baadhi ya waandishi wa zamani wakaanzisha tawi lao, Angie. Februari 2024 Maxim Dounin, mmoja wa waandishi wakuu, alitofautiana na F5 kuhusu namna ya kutangaza matundu ya usalama, akaanzisha freenginx. Kuuzwa, polisi, vita na ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe, yote hayo ndani ya miaka mitano. Katika miaka hiyo yote, hakuna seva hata moja iliyojibana kwa sababu leseni ya nginx huria imeisha. Leseni ya programu ile haina tarehe ya mwisho, na aliyeichukua ameichukua.

Kuna jambo ambalo programu hizi haziwezi. Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, hakuna proksi iliyoweza kuziunga. Lakini anayekaa Temeke akitafuta jina lake kwenye seva iliyoko Dar es Salaam hana sababu ya kuvuka bahari, na taasisi zilizopangisha mlango wao ng'ambo zilijiundia safari hiyo zenyewe. Hilo linahitaji makala yake.

Ninachokitaka ni kidogo na kinawezekana mwaka huu wa fedha. Taasisi ya umma inayoandika zabuni ya kifaa cha mlangoni iulizwe kwanza kwa nini HAProxy au nginx haikutosha, na jibu liandikwe. Kama kuna jibu la kweli, wanunue. Kama halipo, fedha ile isirudi Hazina wala isihamishiwe magari. Iingie kasma ya mafunzo na mishahara, mafundi wawili au watatu wajue mlango huo kuanzia juu hadi chini, wapewe muda wa kusoma msimbo wake, na wakikuta kosa walitume kwa waandishi. Mamlaka ya Serikali Mtandao inaweza kulifanya hili kuwa utaratibu badala ya kuliacha litegemee hasira ya fundi mmoja. Na ufunguo wa siri wa cheti cha taasisi uhifadhiwe na taasisi, mahali ambapo mkuu wa kitengo anaweza kuufikia saa 7 usiku.

Tukifanya hivyo tutakuwa pia tumelipa deni. Kwa miaka ishirini na zaidi tumekuwa tukipokea kazi ya mikono ya watu wa Ufaransa, Urusi na kwingineko. Sidhani kama Tarreau anatudai fedha. Lakini taarifa ya kosa iliyoandikwa vizuri kutoka Dodoma, au ukurasa wa mwongozo uliotafsiriwa kwa Kiswahili fasaha, ni malipo ambayo mafundi wetu wanayaweza kabisa wakiruhusiwa na waajiri wao kuyafanya saa za kazi.

Kijana wangu wa mafunzo hakuajiriwa chuoni. Hapakuwa na kasma. Yuko nje ya nchi sasa, na kazi yake ni hiyohiyo tuliyojifunza pamoja kwenye kompyuta ya maabara. Kila nikisikia tovuti ya taasisi fulani imelala siku ya matokeo, namkumbuka yeye, kisha namkumbuka mzee wa Ifakara.

Faili la usanidi tuliloanza nalo usiku ule bado ninalo. Lina mistari 71, na juu ya kila kifungu tumeandika kwa Kiswahili kinafanya nini na kwa nini. Fundi wa chuo, hospitali au halmashauri yoyote anayelihitaji aniandikie kupitia kwa mhariri wa gazeti hili. Nitamtumia, na akikwama nitampigia simu.